Uso wa Kumi na Mbili

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, thamosi na hotuba sita, na katika hotuba zote sita hakuna aliyesema ukweli. Mwalimu mkuu alisema sikuwahi kuchelewa. Naibu wake alisema sikuwahi kukasirika, na wewe uliyekaa karibu na dirisha, ambaye nilikunyang'anya mkasi mbele ya darasa lako mwenyewe, ukapiga makofi kuliko wote. Kwa hiyo nimeona heri niandike mwenyewe. Vyeo sitavigusa, maana havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya karatasi. Nimefundisha hisabati katika shule za msingi za Kitui na Makueni miaka thelathini na mitatu, nikiwa na karatasi, kalamu iliyoisha wino, na uongo mmoja. Uongo huo tutaufikia, msiharakishe.

Nilianzia shule moja upande wa Zombe. Siku yangu ya kwanza nilipewa darasa la sita na kitabu kilichokuwa na picha ya mchemraba. Nikawauliza, mchemraba una nyuso ngapi? Darasa zima likajibu, tatu. Nikasema hesabuni tena. Wakahesabu tena kwa adabu, wakasema tatu. Nilikaribia kukasirika mpaka nilipoitazama ile picha vizuri, nikaona ni kweli, kwenye karatasi mchemraba unaonyesha nyuso tatu tu. Watoto walikuwa wamehesabu walichokiona. Aliyekosea ni aliyedhani picha inatosha.

Chuoni nilikuwa nimejifunza kutengeneza maumbo ya karatasi, basi jioni ile nikakata katoni za sabuni na kuzibandika kwa uji mzito wa unga wa mahindi, kwa sababu gundi ya dukani haikuwepo. Nikatengeneza mchemraba, mche na piramidi kubwa nzuri. Nikazianika kwenye dirisha la darasa, ambalo halikuwa na kioo, nikalala nikijisifu. Asubuhi, katikati ya somo, mbuzi wa mwalimu mkuu akaingiza kichwa dirishani akaila piramidi kuanzia kileleni mpaka kwenye kitako, huku darasa likimhesabia nyuso kwa sauti. Waliposema tano, imeisha. Hawakuwahi kuisahau hesabu hiyo, na mimi sikuwahi kumsamehe yule mbuzi.

Nikiwa bado nimesimama pale, mlangoni akatokea Mwalimu Bakari. Huyu alikuwa mwalimu mzee wa darasa la nane, mtu wa Kitui mjini, ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka akabaki. Alizaliwa Ukambani na Kikamba alikijua kuliko mimi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, kimenyooka, na changu kilikuwa kikimuumiza masikio.

"Mwalimu, hiyo mbuzi imekula lesson yangu," nikamwambia.

"Mbuzi amekula uji wake," akasema. "Karatasi ilikuwa sahani tu. Njoo kwangu saa kumi nikuonyeshe namna ya kufunga kitu."

Saa kumi nilikwenda. Akatoa karatasi sita za kaki, akazikunja moja moja bila kuzitazama, mikono yake ikienda yenyewe, na mezani pakawa na mchemraba uliofungwa barabara bila tone la gundi. Baba yake alikuwa akiuza sukari na majani ya chai kwa kipimo, enzi ambazo kila kitu kilifungwa kwa karatasi, na yeye alikua nyuma ya kaunta akikunja vifurushi. Sukari haina huruma, aliniambia, ukiacha upenyo wa sindano itautafuta. Alichofanya yeye ni kuleta ufundi wa dukani darasani. Kila uso wa umbo aliukunja ukawa na masikio na mifuko. Sikio la huyu linaingia kwenye mfuko wa yule, wanashikana, na hakuna anayehitaji kubandikwa. Mstari wa kukunjia hupigwa kwanza kwa kalamu iliyoisha wino, taratibu, ili karatasi ijue inapopaswa kuvunjika. Nilipokuwa nikikunja kwa nguvu alinipiga kidole kwa rula.

"Karatasi haisukumwi, binti yangu. Hubembelezwa."

Na kabla ya kuufunga uso wa mwisho, kila mara, alitia ndengu chache ndani. Baba yake alikuwa amemkataza kumfungia mtu karatasi tupu, kwamba ni mkosi. Lakini ndengu zilikuwa na kazi nyingine pia. Ukishafunga, unalitikisa umbo lako juu ya meza. Ndengu ikianguka, na alama zako zinaanguka. Huo ndio uliokuwa mtihani wake, hakuna kubishana na mwalimu, unabishana na ndengu. Mtihani huo niliubeba mpaka nilipostaafu, na nyinyi mliozoea kusahihisha kwa kutazama tu ningependa mjaribu siku moja, muone watakaolia.

Nilikaa naye miaka minne. Nikajifunza mchemraba, mche, piramidi za kila aina, na lile la nyuso nane. Lililonishinda ni la nyuso kumi na mbili, ambalo kila uso una pembe tano. Nyuso kumi na moja zinakubali vizuri. Ule wa kumi na mbili una masikio matano, na yote yanataka kuingia kwenye mifuko ya majirani zake kwa wakati mmoja. Ukiingiza la tatu, la kwanza linatoka. Nilimwomba Mwalimu Bakari anifundishe. Akacheka, akasema, utaijua ukiwa na haja nayo.

Siku nilipopewa uhamisho kwenda Migwani, alinipa moja ya nyuso kumi na mbili aliyoikunja mwenyewe, kaki nzito, imefungwa kabisa. Nikaitikisa, ikalia.

"Njia ya uso wa kumi na mbili imo humo humo," akasema. "Fungua uione."

"Na nikishindwa kuifunga tena?"

"Ndiyo maana nimekupa wewe, maana wewe ni mwoga. Utanitunzia."

Alifariki kabla sijatimiza mwaka Migwani. Nililia kama nilivyomlilia baba yangu, nasema hivyo bila aibu. Lile umbo nikaliweka juu ya kabati, na kila nilipotaka kulifungua mikono iliogopa. Mle ndani palikuwa na mikunjo ya mikono yake, na nikiivunja, nani angeirudisha?

Sasa tumefika kwenye uongo. Migwani niliandika kwa rangi ukutani: GUNDI NI YA MVIVU. Wanafunzi wangu walikunja kila kitu bila gundi, na mtihani wa ndengu nikaubadilisha ukawa wa wimbi, ile nafaka ya uji, maana wimbi ni dogo zaidi na mimi nilikuwa na roho mbaya. Lakini silabasi ya kichwa changu iliitaka ile ya nyuso kumi na mbili, na darasa lilitaka kuiona. Basi nikaikunja nyumbani, nyuso kumi na moja kwa haki, na ule wa mwisho nikaupaka uji. Kidogo tu, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Kesho yake nikaitikisa mbele yao, na hata chembe haikutoka. Wakapiga makofi. Msichana mmoja wa mbele akaishika, akainusa kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, hii yako inanuka breakfast." Nikamwambia akae chini.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilihubiri kukunja, na nyumbani nikapika uji. Siku za mwizi ni arobaini, mimi niliongezewa nyingi kwa sababu niliiba polepole.

Zangu ziliishia Kilungu. Shule ile mnaijua, imekaa mlimani na upepo wake hauombi ruhusa. Mtaala mpya ulipokuja na kutaka watoto watengeneze vitu kwa mikono, walimu wengine walilalamika na mimi nikafurahi kama mtu aliyeokota. Nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, nikatundika maumbo ya darasa zima, zaidi ya mia, kila moja na ndengu zake. Katikati, juu ya ubao, nikatundika ile ya Mwalimu Bakari. Upepo ukipiga, darasa lote lilikuwa likivuma na kulia cha-cha-cha. Mimi niliona linapendeza.

Kosa langu lilikuwa hilo. Mkamba yeyote mzima anajua ni nani anayetikisa kitu kilichofungwa chenye mbegu ndani. Mundu mue, mganga wetu wa jadi, ana kibuyu chake kinachoitwa kititi, na mbegu za ndani ndizo zinazomweleza nani amekuroga. Mimi nilikuwa nimetundika vititi zaidi ya mia juu ya vichwa vya watoto wa watu wa kanisa, na vingi vya piramidi, wakati simu za wazazi zilikuwa zimejaa video za kuonya juu ya pembetatu na mashetani. Miaka yote niliyokaa na mtu wa karatasi za duka, wazo hilo halikunijia hata mara moja.

Lilimjia Mama Syombua. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa na mjumbe wa bodi ya shule, mwanamke mrefu asiyeachia kiondo chake, anasuka akitembea, anasuka akisali. Alikuja siku moja kutafuta mwalimu mkuu, akapita dirishani kwangu upepo ukiwa umeanza. Akasimama. Akapiga picha. Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye group ya wazazi, na chini yake ameandika, "Wazazi, tusilale. Hii ni nini inalia juu ya watoto wetu?"

Mkutano uliitishwa Ijumaa, darasani kwangu. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Nje, mwalimu mkuu alikuwa ameweka karai kubwa la kuchomea, na mezani kwake barua ya kuomba nihamishwe ilikuwa tayari, imebaki sahihi tu. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa wazazi, na hilo nyote mnalijua.

"Wakya, mwaitu," nikamsalimia Mama Syombua kama mtu anavyomsalimia mama yake, maana kesi haiondoi adabu.

"Aa," akaitikia bila kuacha kusuka. "Mwalimu, mimi si mtu wa kusema watu vibaya. Lakini hebu tueleze. Hizi vitu ziko na nini ndani?"

"Ni ndengu, mwaitu. Ni za kupima kama mtoto amekunja vizuri."

"Ndengu," akasema. "Na mundu mue akiulizwa, yeye husema ni nini?"

Wazazi wakanong'onezana. Nikashusha piramidi tatu za watoto nikazifungua. Ndengu zikamwagika, za kawaida kabisa, mbili zikiwa na tundu za wadudu. Nikaona nyuso zinaanza kulegea. Nikadhani nimepona.

"Na hiyo?" Mama Syombua akaonyesha kwa kidevu ile ya katikati. "Hiyo ni ya zamani. Si ya mtoto."

"Hiyo nilipewa na mwalimu wangu. Ni marehemu."

Jamani, kuna siku za kunyamaza. Chumba kizima kikavuta pumzi.

"Kama ni ndengu," akasema pole pole, "si ufungue?"

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

Nawaambia wazi, niliogopa. Nikikataa, kazi yangu imeisha na kazi za watoto zinachomwa. Nikikubali, wangeniambia niirudishe ilivyokuwa, na kila mtu angejua kwamba mwalimu wa GUNDI NI YA MVIVU ni mvivu. Na zaidi ya yote, mikunjo ya Mwalimu Bakari ingevunjika mbele ya watu wasiomjua. Mwishowe niliishusha nikampa Mama Syombua mwenyewe. Sikutaka mikono yangu ifanye hivyo.

Aliweka kiondo chini, jambo ambalo mumewe aliniambia baadaye hajawahi kuliona. Akaigeuza, akapapasa, akapata mahali, akavuta sikio moja, na uso ukafunguka. Ndengu zikatoka, nyeusi kwa uzee. Baada ya ndengu kikatoka kikaratasi kidogo. Mwalimu mkuu akakichukua kwa vidole viwili, akakisoma moyoni, uso ukambadilika, akakisoma kwa sauti:

"'Wewe uliyeifungua, ifunge.'"

Halafu mzazi mmoja wa nyuma akasema, "Si mwalimu afunge basi," na wote wakanigeukia.

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nikaingiza sikio la kwanza, la pili, la tatu, la kwanza likatoka. Nikaanza upya. Jasho likaniingia macho. Mara ya nne nikaweka kila kitu chini nikasema, "Wazazi, sijui. Sijawahi kujua. Zile zote za kumi na mbili ambazo nimeonyesha watoto wenu, ya mwisho huwa nabandika na uji."

Kisha Mama Syombua akaanza kucheka, kicheko kilichotoka mbali, akashika ubavu.

"Mundu mue gani huyu," akasema, "hajui kufunga kititi yake?"

Darasa likapasuka. Walicheka mpaka madawati yakalia, na mimi nilicheka nao nikiwa karibu kulia. Mundu mue mwenye kupika uji hajapata kuonekana Ukambani. Baada ya hapo kila mtu alitaka kujaribu. Fundi wa mawe akajaribu akararua sikio moja, dereva wa boda akajaribu, mwalimu mkuu akajaribu ameketi juu ya ile barua. Karai likarudishwa jikoni. Saa kumi na mbili watu walienda nyumbani bila umbo kufungwa na bila mtu kuutaja uhamisho.

Umbo lilikuwa limeachana lote kwa kujaribiwa; Mama Syombua alikusanya vile vipande kumi na viwili, na kile kikaratasi, akavitia kwenye kiondo.

"Hii naenda nayo," akaniambia. "Na sio ati nimekuamini."

Jumatatu nililiambia darasa ukweli. Adhabu yake ilikuwa kali kuliko ya bodi. Walidai nirudishe alama za kila mtu niliyewahi kumwangusha kwa sababu ya ndengu, na mmoja akauliza kama mimi nimeanguka. Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye rejista ya darasa, kwa mwandiko mzuri, jina langu na sifuri. Ukurasa ule ninao.

Miaka mitatu ikapita. Nilikutana na Mama Syombua sokoni na kwenye mazishi, tukasalimiana, na hakuna aliyeitaja karatasi. Niliona aibu kuuliza. Usiku wa kuamkia siku ya kuniaga nilikuwa nimeshakubali kwamba imepotea, kwamba kitu pekee nilichoachiwa na Mwalimu Bakari nilikitoa kwa mikono yangu ili nibaki na kazi, na kazi yenyewe sasa inaisha.

Ninyi mlikuwa mkila keki alipokuja. Hamkumwona, maana hakuingia. Alinisubiri pale kwenye tangi la maji, akatoa kitu kwenye kiondo, akanitilia mkononi. Ilikuwa ni ile kaki, sikio lililoraruka limeshonwa kwa uzi mwembamba wa katani, nyuso zote kumi na mbili zimefungwa barabara. Nikaitikisa, ikalia.

Yeye akasema.

"Nyinyi wote mlikuwa mnafunga wa mwisho peke yake. Kiondo haimalizwi hivyo. Unalegeza majirani wake wote watano, unawaacha wanalegea kabisa, halafu wote wanaingia pamoja. Mwenye hii alijua. Imekunjwa na mtu hana haraka."

"Ilikuchukua muda gani, mwaitu?"

"Hiyo si maneno yako."

"Na ile karatasi yake, iko ndani?"

"Hiyo iko kwa Biblia yangu. Nilizoea kuisoma." Akaangalia kando. "Ndani nimeweka ingine. Yangu."

"Umeandika nini?"

Alitabasamu, na katika tabasamu lile nikamwona Mwalimu Bakari mzima mzima.

"Fungua uone," akasema, akaenda zake akisuka.

Basi, wenzangu, ndiyo maana simu yangu haishikwi siku za Alhamisi. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu miaka zaidi ya ishirini. Kila Alhamisi asubuhi nakwenda kwa Mama Syombua, naketi kwenye kigoda, nakunja nyuso kumi na mbili kwa karatasi ya pakiti za unga, nalegeza majirani kama alivyosema, nawaingiza wote pamoja, naye ananigonga vidole kwa kijiti nikiharakisha. Kisha natikisa. Mpaka leo ndengu zinamwagika. Kuku wake wameshaijua Alhamisi, wakiniona langoni wanakuja mbio na kujipanga chini ya kigoda.

Ile ya kaki iko mezani kwangu karibu na thamosi yenu. Jirani zangu wananishauri niifungue nijue imeandikwa nini, nibandike na uji, nani ataona. Sitaki. Alhamisi ambayo kuku wale wataondoka chini ya kigoda bila kitu, jioni yake nitaifungua.